Udhuru Usioandikwa Jaladani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayesikia hata neno ambalo karani hakuliandika. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Nimeishi miaka mingi kwa neema Yake, na hata hili la kesi nalihesabu katika mafunzo Yake, ingawa limenichosha.

Ugomvi ulikuwa wa safu ya mikorosho kumi na mmoja huko Ziwani, mpakani mwa shamba langu na la shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mimi nilisema aliipanda baba yangu. Yeye alisema imo upande wake, akanishtaki baraza la ardhi mjini. Nikaweka wakili kule Chuno, nikamlipa kwa akiba ambayo mimi na mke wangu tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya umra. Sikuwa na wasiwasi. Wakili alinieleza kwamba kwa kawaida anayeshindwa ndiye humlipa mshindi gharama zake. Nikamwambia mke wangu, "Fedha yetu imetoka kutembea tu, itarudi."

Kabla ya kesi kusikilizwa tuliitwa mara mbili kusuluhishwa, sisi wenyewe bila mawakili. Mara zote mbili korosho zilikuwa zinaanguka, na ukiziacha chini siku mbili huzikuti. Nikafanya tunavyofanya kijijini: unamtuma anayekwenda. Aliyekuwa anakwenda ni shemeji. Tulikuwa tumeswali Alfajiri safu moja, nikamshika mkono mlangoni pa msikiti.

"Shemeji, niombee udhuru leo."

"Mimi niliyekushtaki ndiye nikuombee?"

"Kwani wewe si mtu wa kwetu?"

Akacheka. "Haya bwana. Kaokote korosho zangu."

Mara ya pili nilimtuma vilevile.

Kesi ilikula misimu mitatu. Siku ya hukumu mwenyekiti alisema mikorosho ni yangu. Kabla sijamaliza kusema alhamdulillahi, akaingia kwenye gharama. Alisema kuzitoa au kuzinyima ni uamuzi wa baraza, ila mshindi akinyimwa lazima sababu itajwe. Sababu yangu ilikuwamo jaladani: mjibu madai aliitwa mara mbili kwenye usuluhishi, hakufika, hakutoa taarifa, shauri lingeweza kuisha mapema. Kila upande ubebe gharama zake.

Nje nilimuuliza shemeji. Hakukwepa.

"Mara ya kwanza nilisema, hawakuandika. Mara ya pili nilinyamaza. Nilikuwa nawaza unavyookota, roho ikaniuma."

Wakili alitaka tukate rufaa juu ya gharama. Nikamuuliza rufaa yenyewe atailipia nani. Akafunga jalada.

Sikuweza kumlaumu sana shemeji. Mimi ndiye niliyemkabidhi mpinzani wangu neno langu, wakati karatasi moja yenye sahihi ingetosha. Mke wangu alinisikiliza huku akijikanda magoti, kisha akauliza tu, "Sasa umra?" 

Msimu uliofuata kaka yake alikuja mwenyewe kuokota chini ya ile mikorosho. Akamwambia dada yake kwamba atakachookota ni cha umra yake. Anakuja mpaka leo. Bado hatujafika nusu, na magoti ya mke wangu hayapati nafuu.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe haki yako bila kukufikisha barazani. Na ukiitwa huko, akupe nguvu ya kufika kwa miguu yako mwenyewe. Amin.