Sanduku Alilokalia Mama Furaha

Nianze na aibu yenyewe, tuimalize mapema: nikiwa na miaka kumi, mtoto mkubwa tu mwenye akili zake, nilijikojolea ndani ya sanduku la safari. Sanduku lilikuwa limefungwa. Na juu ya sanduku alikuwa amekaa jirani yetu, Mama Furaha, anajipepea na gazeti.

Mpaka leo nikifungua kabati la mtu nikakutana na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende, kibofu changu kinashtuka kabla yangu mimi. Mke wangu anajua. Tukitoka kwa mama ananiuliza, "Leo umesalimika?"

Sasa niwaambie nilifikaje humo ndani, maana sikuzaliwa sandukuni.

Tulikuwa tunakaa North York, ghorofa ya kumi na nne, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Baba alifanya kazi kiwanda cha mikate, mama alihudumia wazee. Kwao baba ni Kigoma. Kigoma, kama hujui, ndiko sokwe wanakoishi porini, na watu wanapanda ndege kutoka kila pembe ya dunia kwenda kuwaangalia. Baba alizaliwa huko, akakulia huko, na sokwe hakuwahi kumwona zaidi ya kwenye televisheni ya Toronto. Jambo hilo lilimuuma. Wenzake kiwandani wakimuuliza habari za sokwe alikuwa anababaika kama mtu aliyesahau jina la mke wake.

Basi mwaka ule akatangaza mezani kwamba Julai tunakwenda Tanzania, "ila mara hii tunakwenda kama Wazungu." Maana yake hema, viatu vya kupandia milima, darubini, maporomoko ya maji, na Alhamisi ya wiki ya pili, sokwe. Bibi tungemwona mwishoni, siku mbili, halafu kwaheri. Mimi na dada yangu Pendo tulishangilia mpaka jirani wa chini akagonga dari lake. Halafu baba akatoa sharti moja: mtu yeyote asijue.

Ninyi mnaosoma hii mmeshaelewa kwa nini. Mtu wetu akisikia unakwenda nyumbani hakuombi umbebee kitu. Anakuletea. Safari yake ya nyuma baba alikwenda peke yake, na likizo nzima ikaishia kwenye kugawa. Viatu vya shule Dodoma, dawa ya mgongo Tabora, na kichwa cha cherehani alichokipakata kwenye treni siku mbili mpaka Kigoma, na alipofika mwenyewe akakiangalia akasema rangi siyo hiyo.

Mama alikuwa na msemo wa kwao, kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baba akamjibu, "Usufi ukilowa umewahi kuubeba?"

Sharti nililishika wiki sita. Niliumia. Siri kwenye mwili wangu ni kama mafua, lazima itoke mahali. Ikatoka kanisani.

Tulikuwa tunasali Jumapili mchana kwenye ukumbi wa kuazima, Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wachache waliokuwa wanachelewa pamoja. Mzee wa kanisa aliuliza kama kuna mwenye hitaji la maombi. Mmoja akaombea karatasi zake za ukimbizi, mwingine mguu, mwingine kazi. Kukawa kimya. Mimi nikaona kama Mungu amebaki na nafasi, si vizuri ikapotea bure. Nikasimama.

"Naomba mtuombee safari yetu ya Tanzania Jumatatu ya wiki ijayo," nikasema, "tukawaone sokwe."

Kanisa likaitikia amina ambayo hata Pasaka sijawahi kuisikia. Baba alikohoa, akaendelea kukohoa. Wakati wa chai mama alikuwa tayari na mifuko mitatu miguuni.

Aliyekuja wa mwisho alikuwa Mama Furaha. Huyu alitoka Uvira, Kongo, akakaa jengo letu ghorofa ya kumi na mbili, na binti yake Furaha tulikuwa darasa moja. Yeye hakuwa na mfuko. Alikuwa na kasha dogo la miwani, linaenea kiganjani. Mama yake mzazi alikimbia vita akavuka ziwa, sasa yuko kambi ya wakimbizi, Kigoma hiyo hiyo.

Baba alikuwa ameshajaa mpaka kooni. "Mama Furaha, mabegi yamepimwa," akamwambia. "Haingii hata sindano."

"Hakuna neno, muzee," akasema, akarudisha kasha kwenye mkoba. Hakusisitiza. Ndiyo ilikuwa shida yake, watu wengine wote walisisitiza.

Wiki ile hata Ijumaa haijafika, simu haipumui. Ndipo baba alipotunga uongo wake. Akawapigia watu akawaambia ndege imewahishwa, tunaondoka Ijumaa asubuhi, samahani sana, tumechelewa kuonana. Ndege ilikuwa Jumatatu kama zamani. Kwa hiyo kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu sisi tulikuwa Tanzania, ndani ya nyumba ya vyumba viwili, North York.

Jamani, mimi nimewahi kufungiwa stoo na nimewahi kukwama lifti na mbwa wa mtu. Hakuna kilichofikia siku zile. Joto la Julai, mapazia yamefungwa, feni marufuku kwa sababu inapiga kelele. Tulitembea na soksi. Kupika marufuku, maana kitunguu cha mama korido nzima wanakijua, kwa hiyo tulikula mikate ya kiwandani kwa baba na siagi iliyoyeyuka ikawa mafuta. Choo kilivutwa mara moja kwa siku, kwa ruhusa ya baba. Simu ililia, tukaiangalia kama nyoka. Nilichungulia kwenye ufa wa pazia nikaona watoto huko chini wanamwagiana maji kwa mpira, Furaha yumo, amelowa chapachapa, anacheka. Mimi niko likizo ya hatari na vituko, yeye yuko nyumbani, na mwenye raha ni yeye.

Jumamosi adhuhuri Pendo akanong'ona, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mimi nimenenepa, siwezi kuingia kwenye sanduku kubwa. Unanijua. Niliingia. Lilikuwa lile gumu la kijivu lenye vifungo vya chuma, gurudumu moja limeng'oka likaacha tundu la ukubwa wa shilingi. Nguo zilikuwa bado kitandani, ndani kulikuwa na vidonge vyeupe tu. Nikajikunja, magoti kwenye masikio. Pendo akafunga ili kuona kama kweli nimeenea. Vifungo vikalia ka, ka.

Na mlangoni ukaingia ufunguo.

Hapa kuna jambo ambalo mama hakuwa amemwambia baba. Alikuwa ameshampa Mama Furaha ufunguo, amwagilie mchicha wake aliopanda kwenye ndoo za rangi pale balkoni. Walikubaliana Jumatatu na Alhamisi. Ila Mama Furaha aliona lile joto, akauonea mchicha huruma.

Nilisikia soksi zinakimbia. Baba na mama wakaishia bafuni, nyuma ya pazia la kuogea, wamesimama ndani ya beseni la kuogea kama watu wanaosubiri basi. Pendo nyuma ya kochi. Mimi katikati ya sebule, mzigo.

Mlango ukafunguka. Kupitia tundu niliona kandambili za bluu. Zikasimama. Zikakaa zimesimama muda mrefu. Sasa hivi najua zilikuwa zinaona nini: mapazia yamefungwa, mkate umeumwa nusu mezani, sanduku ambalo watu walioko Tanzania wangekuwa nalo. Wakati ule nilijiona mjanja sana, nimenyamaza.

Kandambili zikaenda jikoni, bomba likafunguliwa. Nadhani mnaona balaa inakotokea. Mtu hajakwenda chooni tangu asubuhi, amekunjwa kama chapati, halafu anasikia maji yanaingia kwenye ndoo, taratibu, shuuu, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili. Mchicha ukanyweshwa. Nikabana nilichonacho chote.

Akarudi. Akashusha pumzi. Akakaa. Juu yangu.

"Joto hii itaua lengalenga ya watu," akasema. Lengalenga ndivyo anavyoita mchicha. "Miye sisemi na mutu. Nasemaka na mboga tu."

Bafuni hata tone halikudondoka.

"Mama yangu alikimbia usiku, akaacha lineti juu ya meza," akawaambia mboga. Lineti ni miwani. "Ananiandikisha barua kwa vijana. Anasema Biblia anashikaka tu mukononi, mistari inatembea kama siafu. Jumapili wakisoma, yeye anafungua nayo, anajidai. Halafu karatasi zangu hazijatoka, nikitoka Kanada sirudi. Sasa miye nitampelekea nani? Upepo?"

Gazeti likawa linapepea. Na hapo ndipo nilipoachia.

Sitaki kuelezea sana. Ilikuwa ya moto, halafu ikawa ya baridi, na ilikuwa nyingi. Ikajua njia, ikatokea pale kwenye tundu la gurudumu, ikatiririka sakafuni kuelekea kandambili za bluu. Nilifumba macho kana kwamba mimi nisipoona na yeye haoni.

Uzito ukaondoka juu yangu. Kandambili zikaenda jikoni, zikarudi na tambara. Mkono wake ukapita mbele ya tundu, unafuta, karibu kabisa na uso wangu, mkono wenye pete nyembamba ya shaba. Alifuta vizuri, mpaka pembeni, kama anafuta kwake. Halafu nikasikia kitu kidogo kimewekwa juu ya sanduku, tak.

"Muende muzuri," akauambia mchicha. Akafunga mlango kwa ufunguo.

Hakuna aliyetoka haraka. Waliponifungua, mama alikuwa analia bila sauti na baba hakunigombeza, jambo lililonitisha kuliko kiboko. Aliangalia lile kasha la miwani muda mrefu. Halafu akaliingiza mfuko wa shati, upande wa kushoto, akalifungia kifungo. Lilikaa humo Jumatatu, likapanda ndege humo. Mifuko mingine ya kanisa tuliiacha nyuma ya kochi, ila ile miwani ya mfukoni baba alikuwa anaigusa kila baada ya muda kama mtu mwenye maumivu ya kifua.

Likizo yenyewe? Tulikwenda. Hema lilivuja. Maporomoko tuliyaona, Pendo akateleza akapoteza kiatu kimoja cha mlima, akatembea siku nne kama bata. Nyani walituzingira asubuhi moja, tukakaa ndani ya hema masaa matatu wakila maandazi yetu nje, na mmoja akawa anatuchungulia kwenye zipu kwa dharau. Mimi nilikuwa nimeshazoea kufungiwa, niliwafundisha wenzangu jinsi ya kukunja magoti.

Halafu ikaja Alhamisi. Nilikuwa nimevaa darubini tangu alfajiri. Baba akaja na gari la kukodi, pikapu, akasema twendeni, na barabara tuliyoshika ilikuwa inakwenda mbali na sokwe. Siku ilikuwa hiyo moja tu, kesho yake zamu ya bibi, halafu ndege.

"Na sokwe?" nikauliza.

"Sokwe hawaendi popote," baba akasema.

Nilinuna kilomita zote. Kambini tulizunguka kwenye vumbi, hema hadi hema, baba anauliza jina, anaelekezwa siko, mpaka kwa kikongwe mdogo sana aliyekaa kwenye dumu lililolazwa. Baba akafungua kifungo cha shati. Bibi yule akavaa miwani, akatuangalia mmoja mmoja. Akatafuta cha kusoma. Biblia ilikuwa ndani na yeye hakutaka kungoja, akanivuta mimi, akaninamisha shingo, akageuza ukosi wa fulana yangu akaanza kusoma lebo. Herufi moja moja, kwa sauti, maneno ya Kiingereza asiyoyajua, yale ya kufua na maji baridi na kutopiga pasi. Akamaliza, akarudia mwanzo. Baba aligeuka akaangalia kwingine.

Mimi nilikuwa nawaza sokwe. Nawaambieni ukweli, niliona nimeibiwa. Shuleni Septemba nikasema nimewaona saba, mmoja alinipa mkono.

Ilinichukua miaka kujua kwamba ile safari ilikuwa na hatari moja tu, nayo tuliipita Jumamosi ile sebuleni. Tungeweza kwenda kama Wazungu kweli, tukarudi na picha nzuri za sokwe, na baba asimtazame tena yule mama kwenye lifti. Karatasi zake zilitoka baadaye. Mama yake alikuwa ameshafariki, miwani akazikwa nayo.

Nilikuwa naamini kwamba Mama Furaha hakujua niko ndani. Nilimwambia hivyo Furaha mwenyewe, tumeshakuwa watu wazima, kwenye harusi ya Pendo, nikidhani ninamchekesha. Alicheka, kweli. Halafu akaweka sahani chini.

"Gidi, mama alijua tangu anafungua mlango," akaniambia. "Alikaa juu yako ili usitoke. Alisema ungetoka, baba yako angeaibika, na mtu uliyemwaibisha hawezi kukubebea kitu." Akachukua sahani yake tena. "Hesabu zake zote zilikuwa sawa. Hakujua tu kwamba unavuja."