Gesi ya Kwao, Gesi ya kwa Mumewe

Phuleshwari hakujaliwa utulivu. Hata akikaa kukamua nyati wao wa kufugwa, mguu mmoja ulikuwa tayari kuondoka. Alizaliwa upande wa Nepal akaolewa upande wa India, mwendo wa asubuhi moja, na mpaka aliuvuka kama avukavyo mtu kizingiti, akimpelekea kaka yake Bechan samaki na mtindi.

Mwaka ule redio ilileta maneno. Mtaalamu alieleza kwamba mpunga uliotuama majini na nyati wanaocheua hutoa gesi inayoipasha dunia joto, kisha akazipima nchi zetu mbili. Kwa jumla India ilizidi kwa mbali. Lakini kwa kila lita ya maziwa, Nepal ndiyo ilionekana vibaya.

Maneno hayo yakaingia kwenye karamu ya kumnyoa kitinda mimba wa Phuleshwari nywele za kwanza. Mumewe, Jibachh, alikuwa akimpakulia Bechan.

"Kula, shemeji. Nyati wenu wanacheua kutwa nzima, na maziwa hayajazi kikombe."

"Na ninyi mnaochoma mbingu nzima?" Bechan alijibu. "Sisi tukipiga chafya, mwasema tumechafua hewa."

Watu walicheka. Ingeishia hapo, lakini Jibachh akaongeza kwamba nyati mbovu kuliko wote zizini ndiye yule waliyepewa na kina Bechan siku ya harusi. Bechan akanawa, wali bado umejaa kwenye jani la kulia, akaondoka. Kwetu hilo si dogo.

Mvua nayo ikachelewa. Phuleshwari alifagia ua uliokwisha kufagiliwa, akapanda juu ya paa kutazama kaskazini, akashuka, akagombana na mama mkwe kwa sababu ya chumvi. Habari kutoka kwa Bechan hazikuja. Siku moja akajitanda ukaya, akaenda bila kuaga.

Alimkuta kaka yake amechuchumaa kwenye tuta, shamba limepasuka nyufa. Mfereji ulikuwa umekauka, na pampu yake ya kuvuta maji kisimani ilikuwa imekufa.

"Kamwambie mumeo Nepal imeshinda," Bechan alisema. "Shamba langu halitoi gesi hata chembe. Halitatoa na wali."

Phuleshwari hakuketi, hata maji hakunywa. Alirudi moja kwa moja hadi bandani, akaishika pampu ya Jibachh kwa mikono miwili.

"Unaipeleka wewe, au niiburute mwenyewe?"

Jibachh akaenda kuwafunga ng'ombe kwenye mkokoteni.

Wanaume wale wawili hawakusemeshana mpaka bomba lilipochomoka likawalowesha wote. Bechan alimwambia shemeji yake ashike vizuri, asijifanye bwana harusi. Jibachh akamjibu kwamba bwana harusi angalau hulishwa. Jioni hiyo walikula sahani moja.

Mpunga ulipona nusu, nusu ukawa majani ya nyati. Mwaka uliofuata wote wawili walijaribu ushauri wa yule mtaalamu, wa kuliacha shamba likauke kidogo kabla ya kulimwagilia tena, na Phuleshwari alivuka huku na huko akikagua tope kwa kidole.

Ila siku ile ya pampu, moshi mweusi ulipopanda juu ya shamba, alimuuliza Bechan: dizeli ni ya India, shamba la Nepal, sasa moshi huu utahesabiwa kwa nani?

"Ni wa mpunga, dada. Kaa, unywe chai."

Hakukaa.