Chungu cha Pechi

Shemeji yangu Muniyandi ni mbishi tangu ujana, lakini ubishi wa chungu kile ulinishinda.

Marehemu mdogo wangu Pechi, mkewe, ndiye aliyekuwa akimchemshia dawa ya miguu. Mtu anayeshinda ndani ya majaruba ya mpunga, fangasi humla vidole mpaka ashindwe kukanyaga. Kila Ijumaa Pechi alimwaga iliyobaki shinani mwa mwarobaini wa uani, akachuma majani mabichi, akatwanga na manjano, akachemsha upya. "Dawa hii ni kama wali," alikuwa akisema. "Ikilala sana, imekufa." Kazi ya Muniyandi ilikuwa kuchochea moto na kuuliza imeiva au bado.

Homa ikamchukua Pechi ghafla. Chungu chake cha dawa kikabaki nusu.

Ijumaa ikaja, Muniyandi hakumwaga. Ikaja nyingine. Nikamkuta anajipaka maji yaliyochacha, vidole vimechanika, vinatoa damu, na kupandikiza mpunga kumekaribia.

"Muniyandi, mwaga hiyo takataka!"

"Shemeji, mkono wake umo humu. Nikimwaga nitabaki na nini?"

"Utabaki na miguu, mpumbavu wewe! La kuvunda halina ubani."

"Hata wewe, dada yake?" Akakikumbatia chungu. Nikaona aibu, nikaondoka zangu nikilia njia nzima.

Asubuhi moja akaja kwangu akichechemea, chungu mikononi. Akafunua kitambaa. Juu ya dawa ulikuwa umetanda ukungu mweupe, wenye manyoya. Lo! Dawa ya kuua fangasi, yenyewe imeota fangasi.

"Imekufa, shemeji," akasema. Mazishini hakutoa hata chozi. Siku hiyo alilia mpaka majirani wakatoka nje.

Kumwaga hakuweza. Tukarudi kwake, nikamwaga mimi, palepale shinani. Kisha nikachuma majani, nikatwanga, nikateleka. Yeye akachuchumaa, akachochea kuni kama zamani. Harufu ilipotanda uani, akageukia mlangoni akaita:

"Pechi! Imeiva au bado?"

Mimi sikujua kama imeiva. Pechi alikuwa akiinusa tu, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza anajuaje. Tukakaa tukiitazama ikichemka mpaka maji yakakauka.