Mlima wa Don Evelio

Inatangazwa kwa wakazi wote wa mtaa wetu wa Teusaquillo, wenye nyumba na wapangaji, kwamba Don Evelio Chaparro, umri miaka hamsini na nane, dereva wa basi dogo jeupe lenye mlango unaofungwa kwa kamba, mwanamume aliyeachwa na mchumba kwa amri ya mlima, tangu Jumapili iliyopita ameachwa na mlima pia. Wenye kutoa pole wafike jikoni kwa Doña Fabiola. Waje na mkate wao.

Hapa Bogotá hata kichaa anajua kwamba wachumba hawapandi mlima wa Monserrate. Kanisa liko kileleni, na waumini hupanda kwa magoti ili wasamehewe, lakini wawili ambao hawajafunga ndoa wakipanda pamoja, mwaka hauishi watatengana. Mapadri wanakanusha kila Jumapili. Dada zao wakishaposwa hawasogelei hata ngazi ya kwanza.

Shahidi mkuu wa imani hiyo alikuwa Don Evelio. Kwa miaka ishirini na tisa ametusimulia jinsi alivyopanda na Briceida, wakanywa chokoleti juu kule, na wiki tatu baadaye Briceida akaondoka na fundi wa piano. Kila akisimulia, ukungu wa siku ile ulizidi kuwa mzito. Mara ya mwisho palikuwa na radi.

Kazi yake ni kuwaendesha wageni wanaokuja kuasili watoto. Wageni hao hulala katika nyumba ya wageni ya Doña Fabiola wiki tano, sita, wakisubiri karatasi: leo ofisini, kesho kliniki, keshokutwa kwa jaji ambaye yuko likizo. Katikati huwekwa siku ya matembezi, maana huwezi kukaa chumbani ukimkodolea macho mtoto mpya mwezi mzima. Atadhani unataka kumnunua.

Safari hii walikuwa Wanorwe wawili, Sigrun na mumewe Torleif, watu warefu kiasi kwamba Doña Fabiola alihamisha taa ya sebuleni. Mtoto ni Yurani, miaka minane, msichana wa hapahapa. Walikuwa wamekaa naye siku kumi na moja. Jumatatu saa tatu asubuhi afisa ustawi wa jamii angekuja kumuuliza mtoto kama anawataka. Akisema hapana, wale wawili wanarudi kwao na begi la nguo za kike zisizo na wa kuzivaa.

Basi Jumapili Don Evelio akawapeleka Monserrate. Akaegesha chini ya mlima, mbele ya kituo cha vibanda vinavyopanda kwa waya, akafungua kamba ya mlango kwa heshima zote. Doña Fabiola alikuwa kiti cha mbele na kikapu chake; yeye ndiye aliyenipa habari hizi, na Doña Fabiola habari hapunguzi.

"Sishuki," akasema Yurani.

"Kuna nini, mwanangu?" Sigrun akauliza kwa Kihispania chake cha darasa la jioni, kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi.

"Sipandi na nyie."

Torleif akatazama dari ya gari. Sigrun akavaa miwani ya jua, na jua halikuwepo. Walielewa walichoelewa: mtoto ameshaamua, na kesho atamwambia afisa.

"Evelio," akanong'ona Doña Fabiola, "ongea naye. Wewe ndiye anayekusikiliza."

Don Evelio akageuka, akaweka kidevu juu ya kiti. "Njoo hapa, bibie. Unaogopa kile kibanda?"

"Siogopi."

"Wamekukosea hawa?"

"Hapana."

"Wanakunyima chakula?"

"Wananipa mpaka nachoka."

"Yule bwana anakoroma?"

"Anakoroma. Nishazoea."

"Sasa shida nini?"

Yurani akainama, akasema polepole, "Si wewe ulisema? Wale ambao karatasi yao haijasainiwa wakipanda pamoja, mlima unawatenganisha. Na jaji hajasaini."

Siku tatu kabla, wakiwa kwenye foleni ya magari, Don Evelio alikuwa amewasimulia tena habari za Briceida, na safari hiyo radi ilikuja na mvua ya mawe. Wageni walicheka kwa adabu. Mtoto hakucheka. Mtoto alikuwa anahesabu.

"Mdomo wako huo, Evelio!" Doña Fabiola akafoka. "Ungeuweka kwenye bucha ungenunuliwa peke yake!"

"Ile ni kwa wachumba tu, bibie," Evelio akajaribu. "Wewe ni mtoto."

"Mlima utajuaje?"

Swali hilo askofu mwenyewe angeomba apewe muda hadi Pasaka kulijibu. Na papo hapo askari wa usalama barabarani akapiga filimbi, akaanza kuja.

Don Evelio akavua kofia. Doña Fabiola anasema alikuwa hajawahi kuziona nywele zake mchana, na hakuona kitu kikubwa alichokosa.

"Sikiliza. Mimi sikupanda."

"Ulisema ulipanda."

"Nilisema. Tulifika hapa chini, foleni ilikuwa ndefu, nikakasirika, nikamwambia Briceida yeye ndiye aliyechelewa. Alikuwa amenipikia maandazi. Nikayala yote peke yangu humu garini huku nimenuna. Akashuka akarudi kwao kwa miguu."

"Na radi?"

"Hapakuwa na radi. Palikuwa na jua."

"Na yule wa piano?"

"Huyo alikuja baada ya mwaka. Tena mtu mzuri tu, alinialika harusini."

Yurani akamtazama kama mwalimu anayetazama daftari tupu. "Kwa hiyo mlima haukufanya kitu. Ni wewe tu."

"Ni mimi tu."

"Miaka ishirini na tisa!" akalia Doña Fabiola. "Supu yangu yote ya pole! Mbavu za ng'ombe nilizokuwa nakuongezea!"

Mtoto hakungoja hesabu ya mbavu. Alimvuta Sigrun mkono. "Twende. Foleni ikiwa ndefu, msinune." Sigrun hakuwa ameelewa nusu ya maneno, ila mkono aliuelewa. Akashuka bila mkoba, bila koti, na Torleif akagonga kichwa mlangoni kwa furaha.

Kule juu, anasema Doña Fabiola aliyepanda nao, waliletewa chokoleti ya moto na jibini. Torleif akaanza kukata jibini kwa kisu, kipande kwa kipande, kama mgonjwa. Yurani akamnyang'anya, akaitumbukiza yote ndani ya kikombe. Yule bwana akashtuka. "Tulia," akaambiwa, "inayeyuka." Akatulia. Ikayeyuka.

Jumatatu afisa akafungua faili lake, akamuuliza Yurani anawaonaje hawa watu.

"Kula jibini hawajui," akasema. "Itabidi niende nao niwafundishe."

Afisa akaandika, akapiga muhuri, akaomba chai.

Jioni hiyo Don Evelio alipoingia jikoni, sote tulisimama. Nikapanda juu ya kigoda nikatamka kwamba mtaa umemtambua mtu aliyetoa kitu pekee alichokuwa nacho, huzuni yake yenyewe, akaivunja mbele ya mwanamke asiyeweza kutunza siri, ili mtoto apate mama. Doña Fabiola alikuwa anafuta macho kwa aproni. Tukamwomba aseme neno.

Don Evelio akachungulia sufuria, akaona bakuli lake halina mbavu hata moja.

"Nilikuwa nimeegesha pasiporuhusiwa," akasema. "Walitakiwa washuke."