Kisiki na Mtoto wa Kuombwa

Ndani ya nyumba ile simu haikushika mtandao. Ilishika nje tu, kwenye kona ya jiko penye mti wa plamu, tena mpaka uinyanyue juu. Ndiyo maana usiku ule Mwanahamisi alikuwa amesimama kwenye baridi ya Malindi, ile ya milimani juu ya Mombo, koti la marehemu mumewe begani, mkono ameunyoosha hewani kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Ukungu ulishashuka hadi kwenye kabichi. Binti yake Sabra, kocha wa timu ya wasichana wa kijiji, alikuwa Tanga mjini kwenye fainali ya mkoa, na tangu jioni hajapiga.

Si ushindi uliomsimamisha nje. Alikuwa akingoja habari za Tatu, mtoto wa jirani.

Ng'ambo ya ua mlango ulilia, na sauti ya Hadija, mama yake Tatu, ikavuka.

"Mama Sabra! Wamepiga?"

"Bado."

"Hebu nenda kalale. Umesimama hapo utafikiri umepandwa."

"Lala wewe kwanza."

"Nilale vipi, na mtoto wa watu hajulikani alipo?" Hadija akacheka. "Unasikia? Wangu mwenyewe nimeshaanza kumwita mtoto wa watu. Si nilikupa wewe!"

Alimpa kweli. Katika kitongoji chao mtoto wa kike hatoki tu kwenda kulala ugenini. Anaombwa. Anakuja mwanamke mtu mzima, anamshika mkono pale mlangoni, anatamka mbele ya mama mtu namna atakavyomrudisha, na siku ya kumrudisha anakuja naye mwenyewe mpaka mlango ule ule. Wanakichukulia kitu hicho kama chungu cha kuazima: ukikivunja, humpelekei mwenyewe vigae. Unabaki navyo.

Sabra alikuwa ametangulia kwenda kuomba, akafukuzwa. "Wewe hujazaa," Hadija alimwambia bila kuficha macho. "Utajuaje uzito wa ninachokupa?" Basi Sabra akamtuma mama yake, na Mwanahamisi akaenda, kwa kuwa Hadija alikuwa mwenzake wa mfereji mmoja wa maji tangu wote wawili wakiwa maharusi. Akamshika Tatu mkono. Msichana alikuwa anajizuia kucheka.

"Namchukua mzima, namrudisha mzima," Mwanahamisi alisema.

"Sema vizuri. Mzima vipi?"

"Akitembea kwa miguu yake, Mama Tatu. Nakuhakikishia."

"Haya. Nimesikia, na mlango umesikia."

Sabra mwenyewe alijifunza ubeki kabla hajajua kwamba unaitwa ubeki. Shamba lao liko juu, barabara iko chini, na kabichi hushuka kwa vichwa vya wasichana mpaka kwenye malori. Akiwa bado mdogo alikuwa anashuka mteremko na kiroba kichwani bila kukishika, huku anagombana na mtu nyuma yake. Shingo ikakomaa. Walimu wakaona anavyowaokolea wavulana mipira ya juu kwa kichwa, wakampeleka UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na kutoka hapo shamba likampoteza. Akachezea Tanga, kisha Dar es Salaam, ligi ya wanawake, jezi namba nne. Mashabiki walimwita Kisiki, kwa sababu washambuliaji walikuja mbio na safari yao ikaishia hapo. Baba yake alipooneshwa picha kwenye simu aliitazama kaptula, hakutazama uso. "Huyo simjui," akasema. Akafa hajamjua.

Goti la kulia lilipoanza kumsumbua, klabu ilimletea sindano badala ya mapumziko. "Dakika tisini tu, Kisiki," kocha wake alikuwa anamwambia. "Kesho utalala." Alizicheza tisini hizo mechi baada ya mechi, mpaka siku mguu ulipojipinda katikati ya uwanja, goti likatazama upande wake na yeye upande wake. Baada ya hapo viongozi hawakupokea tena simu zake. Mwanahamisi alimkuta stendi ya Mombo, kwenye lile joto, amekalia begi lake kati ya wauza vitunguu. Mmoja wao akamtambua, akapaza sauti: "Jamani, si Kisiki huyu? Leo kimeng'olewa!" Stendi ikacheka. Sabra naye akacheka pamoja nao, na kicheko hicho ndicho kilichomuuma mama yake kuliko mguu.

Kwa muda mrefu alivuna karoti akiwa ameketi chini. Halafu akaenda kozi ya ukocha, akarudi na filimbi, akakusanya wasichana kwenye uwanja wa shule, ule uliolalia upande mmoja hivi kwamba mpira ukitoka unaufuata mtoni. Shamba la Mwanahamisi liko juu yake, kwa hiyo alikuwa anapalilia huku anatazama. Aliwaona wakipandishwa mlima mbio na viroba vichwani. Alimwona anayelia akiambiwa aende kunyonya kwa mama yake. "Mimi sikulia!" Sabra alikuwa anawafokea. Mwanahamisi aliyekuwa analala chumba cha pili alijua alivyolia, usiku kwa usiku, mdomo kwenye mto. Lakini hakutia neno. Heri awe mkali, aliwaza, kuliko arudi kukaa chini.

Na wasichana walimpenda, hilo nalo alikuwa analiona. Tatu alizidi wote. Alijifunza mpaka namna ya Sabra ya kutema mate kabla ya kona.

Simu ikatetemeka.

"Mama! Tumeshinda! Kwa penalti, mama, kombe tunalo!"

"Tatu yuko wapi?"

Nyuma kulikuwa na nyimbo na honi.

"Sabra, nimekuuliza."

"Kaumia kidogo. Goti. Ndiyo tumetoka naye hospitali."

"Kidogo cha kutembea au kidogo cha kubebwa?"

Wasichana waliimba ubeti mzima. "Usimwambie mtu, mama," akasema mwishowe. "Nitakuja kueleza mwenyewe."

"Mama Sabra!" Hadija alikuwa ameshafika uani. "Hiyo si simu hiyo? Wanasemaje?"

Mwanahamisi akafungua mdomo. Maneno mawili yalikuwepo, akachagua moja.

"Wameshinda."

Vigelegele vya Hadija viliamsha mbwa mpaka bondeni.

Kesho yake Hadija alimchinja jogoo aliyekuwa anamtunzia sikukuu. Alifua shuka la Tatu akalianika juu ya ua, upande wa kwa Mwanahamisi, na kila aliyepita njiani aliambiwa beki anarudi nyumbani. Mchana akaja kuomba chumvi. Mwanahamisi akampimia kwenye kiganja, akaona mkono wenyewe unavyonukia vitunguu na furaha, akasema, "Inatosha?" Hadija akasema inatosha. Akaondoka nayo.

Jioni gari lilipiga honi barabarani na vijana wakashuka kulipokea. Kutoka juu Mwanahamisi aliona kundi linapanda, katikati yake Sabra, na mgongoni mwa Sabra mtu aliyeshika kombe juu. Watu walikuwa wanaimba. Walidhani ni mbwembwe za ushindi, kocha kumbeba beki wake. "Kisiki kimechipua!" mmoja alipiga kelele. Mwanahamisi akateremka haraka, akawakuta kwenye kona, na hapo ndipo alipoiona bandeji ngumu kutoka pajani hadi kwenye kifundo.

"Shikamoo, bibi," Tatu akasema, uso unang'aa. "Bibi, ungekuwepo! Kabla ya mapumziko nilisikia goti limefanya pah! Nikamwambia kocha. Akanifunga vizuri, akasema arobaini na tano tu. Nikamaliza zote!"

"Marahaba," Mwanahamisi alisema. Akamgeukia binti yake. "Daktari kasemaje?"

Sabra alikuwa anatazama njia.

"Kasema ni kano," Tatu akadakia. "Imekatika. Kama ya kocha, bibi! Ile ile, mguu ule ule!" Alilisema kwa fahari, kama mtu aliyepewa jezi.

Nyimbo zikapungua, za mbele kwanza, kisha za nyuma. Wenye watoto wakashika mikono ya watoto wao.

"Hiyo pah uliijua," Mwanahamisi alisema kwa sauti ya chini.

"Fainali, mama. Sikuwa na beki mwingine."

"Ndivyo walivyosema Dar?"

Sabra akampandisha Tatu vizuri mgongoni. Goti lake bovu lilikuwa linatetemeka chini ya mzigo. "Twende," akasema. "Bila wewe hatampokea."

Habari ilikuwa imewatangulia: shuka lilikuwa limeshaondolewa uani. Harufu ya jogoo ilikuwa bado hewani, lakini mlango uliokuwa wazi mchana kutwa ulikuwa umefungwa. Chini yake kulikuwa na ufa wa mwanga, na katika ufa huo Mwanahamisi aliona vivuli viwili vya nyayo. Hadija alikuwa amesimama pale pale, unene wa ubao mmoja kutoka kwao.

"Hodi, Mama Tatu."

"Nani?"

"Mimi. Nimemleta mtoto."

"Anatembea?"

"Mama, ni mimi!" Tatu akaita. "Nimekuja na kombe!"

"Namuuliza aliyekuchukua. Anatembea?"

"Hatembei," Mwanahamisi akasema.

"Jana usiku ulijua?"

"Nilijua."

"Na chumvi ukanipimia."

Sabra akasogea, karibu paji la uso liguse ubao. "Mama, shikamoo. Kosa ni langu. Mama yangu hakuwepo uwanjani. Nitukane mimi, lakini mfungulie mtoto, ana baridi."

"Wewe sikukupa mtu," sauti ya ndani ikasema. "Nilimpa mama yako. Nilimtoa hapa akitembea, na yeye akasema hapo hapo aliposimama. Akitembea, nitafungua. Kama hatembei, ni wenu."

"Mama anatania," Tatu alimnong'oneza kocha wake. "Eti kocha? Anatania." Halafu akaanza kulia, kwanza kwa kujizuia, baadaye kwa sauti. Sabra, aliyezoea kuwafukuza wanaolia, hakumshusha wala hakukaa.

Vivuli vya nyayo havikusogea. Mwanahamisi hakuviondolea macho. Alisikia kitu ndani, pengine pumzi, pengine kitambaa kikibanwa mdomoni.

Kisha komeo likagonga chuma. Tatu akanyamaza, akajifuta pua haraka kwenye bega la Sabra, akalishika kombe vizuri.

Mlango haukusogea. Lilikuwa komeo la chini, lile ambalo Hadija hulifunga kila siku akishamaliza kazi, watu wote wa nyumba wakiwa ndani.