Firigisi Iliyorudi Jikoni

Kwetu Kampemba, firigisi ya kuku ilikuwa ya baba. Mwanamuke hata kuionja ilikuwa mwiko. Nani aliweka sheria ile ya uchoyo, sijui mpaka leo.

Kila baba mukubwa alipotoka Kambove kutusalimia, ndani ya abakosi yake, ile suti isiyo na tai, mama alikaanga kuku na matungulu na tomati, firigisi akaiweka juu kabisa.

"Kula, yaya, weye njo mukubwa," baba alimwambia kaka yake.

"Apana, weye njo mwenye nyumba."

Waliheshimiana hivyo mpaka bukari, ugali wetu, ikaisha, firigisi ikarudi jikoni nzima. Mama aliitafuna nyuma ya mlango, macho amefumba.

Mgeni akikawia kurudi, mama alimuuliza baba kwa huzuni: "Yaya wako atakuja lini? Nimemukumbuka sana, masikini."