Kuku wa Mguu wa Mama

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kaisho tuliishi na kuku ambaye hakuna aliyethubutu kumfukuza. Alilala ndani, karibu na kitanda cha mama, mguu wake wa kushoto ukiwa umefungwa vijiti. Mguu wa kushoto wa mama nao ulikuwa umefungwa vijiti. Aliyewafunga wote wawili alikuwa mtu mmoja, kwa siku moja.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, ingawa kwetu Mjerumani alisikika zaidi kuliko kuonekana. Baba alikuwa mfanyabiashara wa chumvi na nguo, mtoto wa mtu aliyekuja na misafara kutoka pwani akaoa huku. Mama alikuwa Mnyambo wa hapohapo. Siku moja baada ya mvua aliteleza kwenye mteremko wa kisimani, mtungi kichwani, na mfupa wa muundi ukavunjika. Nilikuwa nyuma yake. Mlio ule, kama tete kavu likikanyagwa, bado ninao masikioni.

Baba alikwenda kumwita Kokubanza, mwanamke mtu mzima aliyejulikana vilima vyote vya jirani kwa kuunga mifupa. Alimwambia baba amshike mama mabegani, kisha akauvuta mguu polepole mpaka ukanyooka, akaupapasa huku amefumba macho. Akaufunga kwa vijiti vya matete na kamba za mgomba, bila kukaza sana. Mimi alinipa kazi ya kugusa vidole vya mguu wa mama kila asubuhi. Nikivikuta baridi au vimegeuka rangi, aitwe haraka. Halafu akaomba kuku jike.

Mama alimchagua mtetea mwekundu mwenye kishungi, aliyempenda. Kokubanza akamvunja mguu, wa kushoto, nami nikaficha uso. Nilipotazama tena, kuku alikuwa amekwisha kufungwa sawasawa na mama, ametulia, jicho moja likinitazama.

"Huyu atakutangulia," Kokubanza alimwambia mama. "Akikanyaga chini, wewe utaanza kukunja goti. Akichakura, utasimama na mkongojo. Mchungeni. Akifa kabla hajakanyaga, atakwenda na mguu wako."

Baba aliguna. Alisema mambo hayo hayamo katika dini yetu, akamsomea mama dua. Lakini sikumbuki asubuhi hata moja alipoondoka na mizigo yake bila kuuliza kama kuku amekula. Majirani walipokuja kumjulia mama hali, baba aliwaambia, "Nyumba hii ina wagonjwa wawili, na mmoja anataga." Mama alicheka huku ameushika mguu asiutikise.

Mwewe alikuja mchana kweupe. Mama alikuwa ameomba atolewe nje aote jua, na kuku wake pia, wakalazwa kwenye mkeka ukingoni mwa migomba. Kuku alikuwa bado hajakanyaga. Niliona kivuli kikipita juu ya ardhi, kikapita juu ya mguu wa mama, kisha kuku hakuwepo tena. Alikuwa juu, anapanda, vijiti vyake vikining'inia.

Mama hakupiga kelele. Alilishika goti lake kwa mikono miwili.

"Mguu wangu huo," alisema, akitazama juu.

Kokubanza aliendelea kuja. Mwishowe alifungua vijiti, akapapasa, akasema mfupa umeshikana, sasa goti likunjwe. Mama alikataa. Hakukataa kwa ukaidi. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba chumvi imekwisha, kuwa pale hapana mguu wa kukunjwa. Akaendelea kulala. Paja lake likawa jembamba kuliko mkono wa baba. Nje, karibu na mlango, nilimsikia Kokubanza akimweleza baba kwamba kwa mfupa hana wasiwasi, bali goti lisilokunjwa hukauka, na likishakauka yeye hana dawa yake.

Baba aliacha mizaha. Alibembeleza, akakaripia, halafu akaacha hata kulitaja goti, na hilo ndilo lililonitisha. Mimi nilianza kwenda kisimani peke yangu, kwa mteremko uleule. Nilielewa kwamba mama hatateremka tena kule.

Siku nyingi zilipita kabla Kokubanza hajarudi. Alikuja na kikapu kilichofunikwa. Tulisalimiana, akaketi, akakifunua. Akatoka kuku mwekundu, akachechemea kwa mguu wa kushoto hadi katikati ya ua.

"Mwewe alimwangusha kwenye migomba yangu," alisema. "Nimemlisha mpaka akapata nguvu."

Mama aliinuka kwa kiwiko kwenye mkeka wake mlangoni, akamtazama kuku kwa muda mrefu.

"Kishungi chake kiko wapi?"

"Mwewe alimshika kichwani, mwanangu. Ulitaka arudi na kilemba?"

Uani kuku alisimama kwa mguu wa kulia, akachakura kwa ule wa kushoto, akadonoa. Mama akaomba nimpe mkono aketi.

Kokubanza alilikanda goti kwa maji ya moto, akalikunja kidogo tu, na machozi yalimtoka mama bila sauti. Kesho yake wakalikunja zaidi kidogo. Wakaendelea hivyo mpaka mvua zikaisha, mama akatembea. Alitembea akichechemea maisha yake yote, lakini alitembea, na kisimani aliteremka. Ila kila kivuli cha ndege kilipopita juu ya ua, mkono wake ulikwenda gotini.

Yule kuku aliishi mpaka akazeeka. Alipokufa, mama alimviringisha katika kipande cha nguo ya gome la mti, tukamzika nyuma ya migomba. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikathubutu kumuuliza kama alijua kwamba hakuwa yuleyule.

"Wangu alichukuliwa, Zuhura. Ulimwona mwenyewe."

"Basi mbona ulisimama?"

Alishindilia udongo kwa mguu wa kushoto. "Kokubanza alikwenda kwake akamvunja mguu kuku wake, akamuuguza mpaka akapona, kwa ajili yangu. Ningemwambiaje arudi naye? Nikasimama. Lakini mguu wangu haukurudi. Huu niliotembelea miaka yote ni wa kuku wake."

"Na sasa amekufa."

"Ndiyo," alisema mama. "Tuone."

Akageuka, akaanza kurudi nyumbani, nami nikamfuata.

Tangu siku hiyo nimesoma kiasi, nimeuliza wanaojua. Mfupa ulionyooshwa na kutulizwa hujiunga wenyewe. Kiungo kinachoachwa bila kazi hukakamaa. Yaelekea Kokubanza alijua yote mawili, na alijua pia kwamba mgonjwa aliyelala huhitaji kumwona mwingine akitangulia. Siwezi kumlaumu kwa lile la kwanza alilosema, kwamba kuku akifa atakwenda na mguu, wala kwa lile la kikapu. Maelezo hayo yanautosha mguu.

Hayanitoshi mimi. Nikiwa na uzee huu bado niko kwenye njia ile ya migombani, nyuma ya mama, mchana, jua linawaka. Yeye anakanyaga, na anakanyaga tena, bila haraka. Mimi nimebana pumzi, nasikiliza kama lile tete kavu litalia mguuni mwake.